Boma la Flashi

Kwii! Mlio mmoja tu, mfupi, kama wa kifaranga aliyekanyagwa mlangoni.

Mwanamvita aliusikia akiwa ameinamia mashine ya fotokopi, karatasi imekwama ndani, wateja wamejaa mpaka barazani, na dereva mmoja wa Nakonde anagonga meza kwa funguo za lori: "Mama, mama, gari yangu inaitwa mpakani!" Aligeuka, akaona kisanduku chekundu kimejitokeza kwenye kioo cha kompyuta kubwa, kimejaa Kiingereza. Msaidizi wake, Edina, alikuwa ametoka kununua wino. Mwanamvita hakusoma. Alibonyeza kitufe cha kwanza alichokiona, kisanduku kikatoweka, akarudi kuvuta karatasi yake. Jioni ilipofika alikuwa ameshausahau mlio ule.

Naye hakuwa mtu wa kusahau. Alizaliwa Kondoa, akaletwa Tunduma na mume dereva, miaka ile biashara ilipofunguliwa na kila mwenye nguvu akakimbilia mpakani kujaribu bahati. Mume alipofariki, watu walitarajia angefunga mizigo arudi kwao. Yeye aliuza kitanda cha mninga, akanunua taipureta, akaketi karibu na maegesho ya malori akiwachapia watu barua. Taipureta ikazaa kompyuta, kompyuta ikazaa duka.

Mji ulimfundisha kutoamini. Noti aliinyanyua juani. Maziwa aliyaonja kwa ncha ya kidole. Salamu aliipima kwanza, ndipo akaiitikia.

Flashi ndizo alizoziogopa kuliko vyote. Za madereva na mawakala wa forodha zilikuwa zimetembea kutoka Dar es Salaam hadi Lubumbashi, zikalala katika kila kompyuta ya njiani, na kila zilipolala ziliokota ugonjwa. Kwa hiyo aliweka sheria. Kompyuta ndogo, kuukuu, ilikaa mlangoni, naye akaiita Boma, kama Wazambia wanavyoiita serikali yao. Hakuna flashi iliyoifikia kompyuta kubwa bila kukaguliwa Boma. Madereva walicheka, lakini walipanga foleni.

Tena mawakala wana shingo ndefu. Mmoja akichapiwa, mwingine anachungulia. Ndiyo maana kazi za wateja Mwanamvita alizifungia katika folda alilolificha ndani kabisa ya kompyuta kubwa, akalipa jina la kikompyuta lisiloeleweka, ili hata atakayeliona adhani ni utumbo wa mashine. Waliolijua walikuwa wawili tu, yeye na Edina, binti kutoka Ibaba mwenye vidole vyepesi na kicheko kisichojua kujibana.

Kisha akaja Ishaka, mdogo wa marehemu mumewe, aliyekuwa akifundisha kompyuta Vwawa.

"Shemeji, nimekuletea antivirusi mpya. Haijatoka hata sokoni. Wenyewe wanatafuta watu wa kuijaribu. Ni bure."

"Bure," alirudia Mwanamvita, kama mtu aliyetajiwa nyoka.

"Bure kabisa. Ukimaliza majaribio wanakupa ya mwaka mzima. Na fulana."

"Kwa hiyo wamepika, hawajui kama kimeiva, wakaona wanionjeshe mimi kwanza?"

"Ndiyo maana inaitwa beta. Ina kasoro. Kazi yetu ni kuwaambia kasoro zake."

"Na nikifa nani atawaambia?"

Edina alicheka mpaka akalaza paji la uso juu ya kibodi.

Ishaka aliiweka Boma peke yake, akaonya isivuke hapo. Mwanamvita aliitazama ikifanya kazi kama mkwe anavyomtazama bwana harusi akila. Ikakamata virusi ambavyo ya zamani ilikuwa ikiviamkia. Ikakamata tena. Siku zikapita, haikuomba chochote, haikuharibu chochote, na taratibu moyo wa Mwanamvita ukalegea. Siku moja akaibeba mwenyewe kwenye flashi na kuiweka kwenye kompyuta kubwa.

"Dada, Ishaka alisema mlangoni tu," Edina alimkumbusha.

"Mlinzi mzuri hulinda na chumbani."

Haukupita muda, ndipo kifaranga akalia: Kwii!

Kesho yake aliingia Yusuf, msafirishaji mwenye kofia safi na maneno laini. Alikuja kuchukua barua yake ya zabuni ya kusomba kahawa kutoka Itaka. Bei zake zote zilikuwa ndani ya barua ile, na sanduku la zabuni lingefungwa Vwawa kesho yake mchana. Mwanamvita alifungua mahali pa siri. Akafunga. Akafungua tena. Folda halikuwepo. Palikuwa peupe, kama uwanja uliofagiliwa.

"Nani mwingine anajua inapokaa?" aliuliza Yusuf.

Macho ya Mwanamvita yalikwenda kwa Edina, na Yusuf akayafuata.

"Zebedayo hajambo?" Yusuf alimuuliza binti, kwa upole.

Zebedayo alikuwa mchumba wa Edina, karani wa msafirishaji mwingine, na msafirishaji huyo naye aliitaka kahawa ya Itaka.

"Hajambo, baba. Anahusikaje?"

"Nimeuliza hali tu, binti. Siku hizi kujuliana hali ni dhambi?" Yusuf alisimama. "Mama, kesho asubuhi nisipoondoka na karatasi hapa, sina zabuni. Na wewe, kwa mawakala wa mji huu, huna duka."

Alipotoka, Mwanamvita alimgeukia binti, feni ikivuma juu yao.

"Edina, nenda kapumzike nyumbani. Nitakuita."

"Unanifukuza, dada?"

"Nimesema kapumzike."

"Kwetu mtu akiambiwa kapumzike jua likiwa utosini, anajua ameambiwa nini."

Aliweka ufunguo wake wa duka mezani, polepole, usitoe mlio, akaondoka. Mwanamvita alivuta kibodi, akabadilisha neno la siri la kuingilia kwenye kompyuta. Aliliandika jipya kwa kidole kimoja, akibonyeza kila herufi kama anayeua chawa.

Usiku shaka ilimsimulia mengi, maana shaka ikishapewa kigoda haikosi hadithi. Soda aliyoileta Zebedayo dukani, ilikuwa soda tu? Simu ambazo Edina alizipokea barazani, zilihusu nini? Wino gani unaonunuliwa muda mrefu vile? Kulipokucha, alikuwa ameshamhukumu. Ila shaka yake ilikuwa na mazoea ya kutobagua, na alipoiwasha kompyuta, ikamgeukia na yule mgeni wa bure. Akampigia simu Ishaka.

"Shemeji, njoo umtoe mdudu wako. Simtaki humu."

"Niko darasani saa hii. Mtoe mwenyewe, nitakuelekeza. Lakini usilifute folda lake kwa mkono. Ukifuta kwa mkono umefyeka majani. Mizizi inabaki, na kila ukiwasha itajaribu kuchipua. Ana kiondoaji chake mwenyewe. Zima kwanza ulinzi wake, kisha kifungue."

Mwanamvita aliweka simu kwenye spika, akafuata. Kisanduku chekundu kikajitokeza na swali.

"Inaniuliza kitu."

"Bonyeza ndiyo, twende."

"Subiri. Nasoma."

Kiingereza chake kilikuwa cha mpakani, cha mizigo na mihuri, lakini neno moja alilifahamu vizuri. Karantini. Alilijua tangu mwaka ule ng'ombe wa wafugaji wa Momba walipozuiwa, wazima na wagonjwa zizi moja, mpaka mganga wa mifugo alipoamua nani apite. Programu ilisema ina vitu kizuizini, ikauliza kama ivifute inapoondoka.

Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Ndipo akausikia tena ule mlio. Kwii. Karatasi iliyokwama, funguo za dereva mezani, Edina hayupo, na kidole hikihiki kikibonyeza bila macho kusoma.

Akaondoa kidole. Akafungua kizuizi. Folda lililopotea lilikuwa humo, na jina lake la uongo, na barua ya Yusuf tumboni.

"Ishaka, kwa nini imelikamata?"

"Ulikuwa umelificha?"

"Nililificha."

"Ukalipa jina la kudanganyia watu?"

"Nikalipa."

"Basi ndivyo virusi vinavyofanya, shemeji. Imeona kitu kimejibanza ndani ya mashine kwa jina lisilo lake. Hata mimi ningekishuku. Ungebonyeza ndiyo, folda lingeondoka nayo. Rudisha kwanza, ndiyo uing'oe. Mwisho zima, uwashe tena, uangalie kama kuna kilichobaki."

Alirudisha. Aling'oa. Akaiacha kompyuta ikizima na kuwaka yenyewe, akafunga mlango, akashika njia ya Majengo alikoishi Edina, bila hata kubadilisha kandambili.

Alimkuta Edina uani akikunja nguo zilizokuwa bado na unyevu, begi liko wazi pembeni.

"Limepatikana," Mwanamvita alisema. "Ilikuwa ile beta. Mimi ndiye niliyeibonyezea ruhusa bila kusoma, mdogo wangu. Ulikuwa umekwenda kununua wino."

"Limepatikana lini?"

"Sasa hivi."

"Na lisingepatikana, ungekuja?"

Mwanamvita alitazama kamba ya nguo. Ilikuwa tupu, haikumsaidia.

"Yusuf anasubiri?" Edina aliuliza mwishowe.

"Atakuwa ameshafika."

"Nakuja kwa ajili ya kazi ya mtu. Tusielewane vibaya, dada." Begi hakulifunga, wala hakuzitoa nguo.

Yusuf alikuwa ameketi barazani, saa mkononi, gari linanguruma nyuma yake.

"Aa, Edina binti yangu! Umepumzika vizuri?"

"Vizuri, baba. Zebedayo anakusalimia sana."

Yusuf akakohoa, akaiangalia saa yake kana kwamba ndiyo iliyosema.

Edina alikaa kwenye kiti chake. Kompyuta ilikuwa imeshawaka, safi, bila kisanduku chekundu, inasubiri neno la siri. Akaandika. Ikakataa. Akaandika tena, taratibu zaidi. Ikakataa. Aliinua macho.

"Dada. Umelibadilisha."

Ilikuwa rahisi kusema sogea, niandike mimi. Mkono wa Mwanamvita ulikwenda mpaka kwenye kibodi. Ukarudi. Aliuona ufunguo wa duka, bado uko pale mezani ulipowekwa jana. Akauchukua, akauweka kwenye kiganja cha Edina, akainama mpaka ushungi wake ukamgusa binti begani.

"Edinamwizi," alimnong'oneza, chini kuliko feni. "Neno moja. Herufi ndogo zote."