Zuhura Alivyoniandikia Gumba Lilipoteguka

Enzi zile za kupanga foleni ya sukari, sisi wasichana wa Kariakoo tukishatoka shule tulikuwa na kazi moja: kucheza rede. Mtaa ukinukia mihogo ya kukaanga, tulijaza mchanga kwenye chupa huku tukikwepa mpira wa soksi. Jioni moja rafiki yangu Zuhura aliurusha kwa nguvu, nikaukwepa, nikajikwaa kwenye chupa na kuangukia mkono wa kulia. Gumba likateguka, likavimba likawa kama la mtu mwingine.

Nilikuwa darasa la saba, na mtihani ulikuwa umebakiza mwezi. Nililia zaidi kwa sababu ya mtihani kuliko maumivu.

Bibi akavuta kigoda, mafuta ya nazi mkononi. "Lete nilivute lirudi."

Mama Ndeshi, nesi wa Kichaga aliyepanga chumba cha uani kwetu, ndio kwanza anarudi kutoka kazini. "Shikamoo, Bibi. Nakuomba usilivute."

"Marahaba. Nimekanda watu wewe hujazaliwa!"

"Najua, Bibi. Ila leo bado bichi."

Akalishika taratibu, akaniambia nilikunje kidogo. "Mfupa mzima. Nyuzi zinazoshika kiungo ndizo zimevutika. Likipumzika, zitapona." Akaliwekea kitambaa cha maji baridi ya mtungini, akalifunga bandeji, akanikataza kalamu na jembe wiki mbili. Bibi alinuna, lakini nilipojaribu kuifungua bandeji, ni yeye aliyenizaba kofi.

Asubuhi yake Zuhura alikuja, akabeba mkoba wangu. Wiki mbili nzima aliandika kila somo mara mbili, kwenye daftari lake na langu, kwa mwandiko kama kuku kaparura. Akalima na tuta langu kwenye shamba la shule.

Uvimbe ulipokwisha, Mama Ndeshi alinifundisha kugusanisha gumba na kila kidole, asubuhi na jioni. Bibi naye akanipa unga wa chapati niukande. Siku ya mtihani lilikuwa bado gumu, ila niliandika hadi mwisho.

Majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari yalipobandikwa, langu lilikuwepo. La Zuhura pia, yeye aliyezoea kushika mkia! Kuandika mara mbili kulikuwa kumemwingizia masomo kichwani.

Juzi mjukuu wangu alilalamika gumba linamuuma kwa kubonyeza simu. Nikamwambia alipumzishe, akanitazama kama nimemwambia aache kupumua. Marafiki zake walimtumia pole nyingi sana, zenye vikatuni vinavyolia. Hakuna hata mmoja aliyebisha hodi.