Mita ya Gesi na Benchi la Spika

Kila mtaa una bunge lake. La mtaa ule lilikaa juu ya benchi la saruji lililoshikana na ukuta wa mbele wa nyumba kuukuu yenye mlango wa kijani, na Spika wake alikuwa karani mstaafu wa ghala la magunia. Enzi za kazi yake hakuna aliyewahi kumuuliza anafikiri nini. Aliulizwa magunia yako wapi, akaonyesha kwa kidole, basi. Alipostaafu aliketi kwenye benchi lile apunge upepo, na kinyozi wa ng'ambo ya barabara, kwa kutojua analolifanya, akamuuliza, "Mzee, unadhani mvua itanyesha leo?" Mzee akaanza na mvua, akapitia bei ya sukari, akaingia kwenye vita vya dunia, vyote viwili, na alipofika mwisho mvua ilikuwa imenyesha na kukatika. Tangu hapo akaitwa Spika, na jina likamkaa kama kofia ya kushonewa.

Ubavuni mwa nyumba hiyo, kwenye kichochoro, kulikuwa na dirisha la jikoni. Hapo mkewe Spika alimenya vitunguu huku akizungumza na jirani, ambaye dirisha lake lilikuwa karibu mno, wakawa wanapeana chumvi bila kuvaa viatu. Habari zilizojadiliwa benchini zilijadiliwa na dirishani, mara nyingi siku moja kabla. Lakini Spika alikuwa na kamusi yake: ya benchini ni mazungumzo, ya dirishani ni umbea.

"Mama watoto, huo umbea wenu utakuja kututia aibu," alikuwa akisema, kisha anatoka nje haraka ili awahi kujua kwa nini fundi cherehani ameikimbia ndoa yake.

Basi mabomba ya gesi yakafika mtaani, na mkewe Spika, aliyekuwa amevuta moshi wa mkaa tangu usichana, akaomba kuunganishiwa. Akaja fundi wa gesi, binti mwenye viatu vizito na chaki nyuma ya sikio. Spika alimpokea kama mtu anayezindua kiwanda. Bunge lilikuwa limetimia: yeye, kinyozi, na kiti kimoja kitupu cha wageni waalikwa.

"Karibu, binti yangu. Pima utakavyo. Nyumba hii ni yako."

Binti akapima atakavyo. Akazunguka nyumba, akagonga kuta, akachungulia chini ya ngazi, akarudi mbele. Kisha akamwomba Spika asogee kidogo, akachora msalaba mkubwa wa chaki ukutani, pale pale ambapo mgongo wa mzee ulikuwa umeing'arisha lipu mpaka ikawa kama sahani.

"Mita itakaa hapa," akasema. "Ukuta wa nje, pakavu, pana hewa, na msoma mita hatamgongea mtu mlango. Ila benchi itabidi livunjwe, bomba linapanda kutoka chini."

"Benchi litafanywa nini?"

"Litavunjwa, mzee."

Spika akacheka kile kicheko cha mtu aliyekanyaga mwiba mbele ya wakwe. "Tusiende mbio, mwanangu. Kwani upande ule wa mlango una ubaya gani?"

"Pana boksi la umeme. Gesi na umeme ni wake wenza, kila mmoja apewe ukuta wake."

"Sebuleni je? Pana nafasi, na wageni wakija wataiona."

"Msoma mita ataingiaje mkiwa hamko?"

"Chini ya ngazi?"

"Hakuna hewa."

"Chumbani kwetu, basi! Chini ya kitanda. Hapo hata mwizi hawezi kuiona."

"Ikivuja usiku, mzee, na wewe hutamwona mwizi."

Kinyozi akacheka, akaona jicho la Spika, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi. Spika akabadili silaha. Akaeleza kwamba benchi lile ni historia. Kwamba dunia nzima inahifadhi vitu vya kale, sisi tu ndio tunavipiga nyundo. Kinyozi akaunga mkono hoja, akasema hata watalii wangeweza kuja kulipiga picha. Fundi akalitazama benchi: lilikuwa na ufa katikati na kipande cha ubani wa kutafuna kilichogandishwa pembeni na mbunge fulani.

"Basi kuna sehemu nyingine moja tu," akasema. "Kule kichochoroni. Lakini mita haikai karibu na dirisha linalofunguka, kwa hiyo lile dirisha la jikoni litazibwa kwa matofali."

Uso wa Spika ukachomoza kama jua baada ya masika.

"Zibeni!"

"Mzee, ni moja kwa moja. Halitafunguliwa tena."

"Maendeleo hayaji bila kujitolea, mwanangu. Kila mmoja wetu lazima akubali kupoteza kitu." Mkono ulikuwa umeshapanda, hotuba inakuja. "Na wanawake wetu, ambao siku zote wamekuwa nguzo ya—"

"Shoga!" sauti ya jirani ikapasua kichochoro. "Toka nje, mumeo anatuzika tukiwa hai!"

Mkewe Spika alikuwa ameshafika mlangoni, kisu cha vitunguu mkononi. Hakukinyanyua. Lakini hakukiweka chini pia.

"Endelea, baba watoto," akasema. "Ulifika kwenye nguzo."

Spika akasahau nguzo ya nini.

Fundi akafuta chaki vidoleni. "Mimi sina upande hapa. Mwenye nyumba aseme, nianze kazi."

Kinyozi akakumbuka ghafla kwamba amemwacha mteja kitini na nusu ya kichwa haijanyolewa, akaondoka bila hata kuahirisha kikao. Maana kila mtu alijua, na Spika alijua kuliko wote, kwamba nyumba ile ilijengwa na baba mkwe wake, mwashi, akamwachia binti yake. Spika aliingia humo na sanduku moja na redio, na redio ilishakufa.

"Mwenye nyumba," akasema Spika, "tuseme ni familia."

"Nani katika familia?"

"Umeulizwa kwa adabu," mkewe akasema, "mjibu mtoto wa watu."

"Ni yeye," akasema Spika, kwa sauti ambayo bunge halikuwahi kuisikia.

Mama akasogea, akaligusa benchi kwa kiganja. "Baba alilijenga hili apumzike akitoka kazini. Nilimshikia ndoo ya saruji." Akamgeukia mumewe. "Sasa nieleze. Usinipe historia, wala hao watalii. Kwa nini hutaki livunjwe?"

Spika akatazama kule kwa kinyozi, akautazama msalaba wa chaki, akakosa pa kujificha.

"Nikitoka hapa," akasema, "nani ataniuliza kitu?"

Fundi akajifanya anatafuta nyundo, ingawa ilikuwa mkononi mwake.

"Mimi nilikuuliza asubuhi," mkewe akasema. "Nilikuuliza leo tupike nini. Ukasema nikuulize baadaye, una kikao."

Spika akafungua mdomo. Mdomo ukafunguka vizuri tu. Ndani ndiko kulikokosekana bidhaa.

"Vunja, mwanangu," mama akamwambia fundi. Nyundo ya kwanza ilipotua alifumba macho, kisha akarudi jikoni kwenye vitunguu vyake, na safari hiyo machozi hayakuwa ya vitunguu peke yake.

Siku zilizofuata Spika alizunguka ndani ya nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alikaa sebuleni, akaona kuta. Alisimama mlangoni, akaitazama mita, mita nayo ikamtazama kwa kile kijicho chake cha tarakimu, ikiwa imeketi palipokuwa pake, ikihesabu kimya kimya, na watu wakiiheshimu bila yenyewe kuhutubia. Kinyozi alipita akaiamkia kwa mbali kama mtu anayepita makaburini.

Mwishowe mkewe akamwita. "Njoo. Kigoda hicho, kisu hicho, vitunguu hivyo."

"Mimi?"

"Kwani unaona nani?"

Akaketi. Moto wa gesi uliwaka wa buluu, bila moshi, sufuria ikianza kunong'ona. Dirisha la ng'ambo likafunguka.

"Leo tuna mgeni rasmi!" akasema jirani. "Haya shemeji, wewe unalionaje hili suala la fundi cherehani?"

Kifua cha Spika kikajaa. Akaweka kisu chini, akakohoa kidogo. "Kwanza kabisa, ili kulielewa suala la mtu kuikimbia ndoa yake, ni lazima turudi nyuma hadi—"

"Kaikimbia nani?" jirani akamkata. "Yule yuko hospitali, kavunjika mguu. Mkewe ndiye anayempelekea uji kila siku."

Bunge lilikuwa limeijadili talaka ile kwa wiki nzima, na hoja ilipita kwa kauli moja.

"Alivunjikaje?" akauliza, na akajishangaa: hakukumbuka lini mara ya mwisho alimuuliza mtu kitu kwa kutaka kujua tu, akangoja jibu.

"Sasa hapo," jirani akasema, akiegemea dirisha lake vizuri, "ndipo penyewe."

Kabla hajaendelea, kichwa cha kinyozi kikatokea kichochoroni, katikati ya madirisha mawili. "Spika! Upo? Vipi, leo hakuna mazungumzo?"

Spika, macho mekundu kwa vitunguu, akampungia kisu.

"Sogea pembeni bwana, unatuzibia dirisha."