Timau Hadi Kanja kwa Gari Lisilo na Moshi

Mama yangu alizaliwa Kanja, upande wa Embu, akaolewa huku kwetu Timau, na kwa miaka kumi na moja alikuwa hajakanyaga kwao. Si kwamba hakutaka. Harufu ya petroli au dizeli ikimfika puani, tumbo linamchafuka, kichwa kinazunguka, na kabla hatujafika Subuiga anaomba ashushwe. Mara ya mwisho tulimrudisha nyumbani amelazwa kiti cha nyuma, akasema hatapanda gari tena mpaka siku ya kubebwa kwenye jeneza. Mimi mwanawe ni fundi wa matrekta katika mashamba ya ngano, kwa hiyo hata nikitaka kumsalimia ananiambia nikaoge kwanza.

Mwaka huu dada yake mkubwa, Ngithi, alituma ujumbe kutoka Kanja. Macho yake yameingia ukungu, na anataka kumwona mdogo wake akiwa bado anaweza kumtambua kwa sura. Ndipo nikanunua gari dogo la umeme, la mtumba, ambalo betri yake ilikuwa imeshachoka kidogo. Kazini walinicheka mpaka wakashika mbavu. Nami nilikuwa na wasiwasi, ila sikuwaonyesha.

Saa kumi na mbili asubuhi tulitoka Timau, baridi ikiuma masikio. Gari lilikuwa limekaa kwenye chaji tangu jioni, limejaa mia kwa mia. Aliyeniuzia alikuwa ameniambia nikomee asilimia themanini, hasa nikiwa nakaa mlimani. Nilimwona mtu wa mjini tu. Trekta huwezi kuipeleka shambani na tangi nusu, na hilo ndilo nililolijua kwa miaka ishirini. Mama aliingia na mfuko wa plastiki mkononi, akanusa kushoto na kulia kama anayekagua maziwa.

"Halinuki," alisema kwa Kimeru.

"Si nilikuambia."

Mpaka Kisima mambo yalikuwa mazuri. Mama alikuwa anatazama ngano nje ya dirisha, na gari lenyewe lilikuwa kimya kiasi kwamba tuliweza kusengenya majirani bila kupaza sauti. Kisha mteremko ukaanza. Gari la umeme likishuka hujizuia lenyewe, na ile nguvu ya kujizuia inarudi kwenye betri. Lakini betri ikijaa haina pa kuiweka, na ikiwa baridi inakataa zaidi. Yangu ilikuwa imejaa tena imelala nje kwenye baridi ya Timau. Gari likawa linateleza tu, nami nikakanyaga breki, nikakanyaga tena, na karibu na Subuiga harufu ya breki zilizochemka ikaingia ndani.

Mama alishika mfuko. "Simamisha."

Nilisimamisha. Alishuka, akainama kando ya barabara, na mimi nikasimama nyuma yake nikiona aibu ya kumfanya mtu ajizike. Nilikuwa nimemwahidi. Nilichukua kibuyu cha maji nimwagie magurudumu, mazoea ya kazi, halafu nikajizuia, maana chuma cha moto kikimwagiwa maji baridi kinapinda. Breki zilizochemka huachwa zipoe zenyewe.

"Ulisema hili halinuki," mama alisema alipopata pumzi.

"Ni kosa langu, mama. Nililijaza sana. Turudi nyumbani nilitengeneze vizuri, tutoke siku nyingine."

Alinitazama. "Siku nyingine Ngithi atakuwa anaona nini?"

Nilimpa kibuyu asukutue mdomo. Tulikaa hapo nusu saa, upepo ukampiga usoni, rangi yake ikarudi. Kisha akafungua mlango mwenyewe akaketi. Niliwasha hita makusudi ili betri ipungue kidogo, nikashuka polepole mno, malori yakitupigia honi. Tulipopita mjini Meru kisahani cha chaji kilicho mbele ya usukani kilikuwa kimeanza kuonyesha kwamba gari linajizuia lenyewe, na harufu ilikuwa imeisha.

Saa tatu tulifika Githongo. Rafiki yangu Kaburu ni mwendesha mashine katika kiwanda kidogo cha kahawa, na kiwanda kina umeme mzito kuliko wa nyumbani. Tulikuwa tumeomba ruhusa mapema. Wakulima huleta kahawa kuanzia mchana na mashine ya kumenya huwashwa jioni, kwa hiyo asubuhi stima ya kiwanda haina kazi. Ukifika wakati wa kumenya hata uwe nani, hawakupi.

Kaburu alileta waya mrefu uliozungushwa kwenye gurudumu lake. Nilitaka kuvuta mita mbili tu, akanizuia.

"Toa yote. Waya ikikaa imejikunja hivyo inachemka. Tuliwahi kuchoma moja hapa tukichaji pampu."

Tuliutandaza wote uwanjani. Baada ya robo saa aliweka mgongo wa mkono wake juu ya plagi. Ilikuwa vuguvugu, akaridhika. Aliniambia plagi ikiwa moto mpaka mkono ukatae, hapo kuna kitu kimelegea, na dawa ni kuzima na kutafuta soketi nyingine, si kuomba Mungu.

Kumbe mama hakuwa amekaa bure. Wanawake waliokuwa wanachambua kahawa kwenye meza za waya walimpa kiti, naye akaanza kuchambua pamoja nao, akitupa mbegu mbovu upande mmoja na kuwauliza habari za ndoa zao. Saa saba nilipotaka kungoja mpaka mia, Kaburu, ambaye nilikuwa nimemsimulia ya njiani, alicheka.

"Wewe umesahau Subuiga hata haijaisha siku? Mbele kuna kushuka Nithi. Acha hapo themanini na tano, betri ipate pa kuweka."

Saa saba na nusu tulishika njia ya Nkubu na Chogoria. Barabara hiyo haijui kwenda tambarare. Unashuka mpaka mtoni, unavuka daraja, unapanda mgongo mwingine, na migomba inakufuata pande zote. Safari hii nililiachia gari kazi yake. Nikitoa mguu, linajizuia, na ile namba ya asilimia inapanda moja, wakati mwingine mbili. Mama aligundua hilo kabla ya Chuka.

"Limenyonya tena?" alikuwa anauliza kila tukifika chini, kana kwamba gari ni ndama.

Mteremko wa Nithi tuliushuka taratibu, breki baridi kabisa. Mvua ilitukuta baada ya Chuka na nikajikuta naiogopa, ingawa kitabu cha gari kinasema mvua haina shida, cha kukwepa ni maji yanayotiririka barabarani usiyojua kina chake. Kufika Runyenjes mfuko wa plastiki ulikuwa umeanguka chini ya kiti. Sikumkumbusha.

Saa kumi na moja tulikata kona ya kuingia Kanja, chaji ikiwa imebaki asilimia ishirini na mbili. Wawira, binti ya Ngithi, anayefuga ng'ombe wawili wa maziwa, alitoka mbio kutupokea. Nami kwa woga wangu wa chaji nikamwuliza soketi iko wapi hata kabla sijamshika mkono.

"Hujasalimia watu, unauliza stima," mama alinikemea. "Nilikulea wapi?"

Nilisalimia, nyumba hadi nyumba, nikaketi. Ngithi alikuwa kwenye kiti chake mlangoni. Mama alipiga magoti mbele yake, na dada akamshika uso kwa mikono miwili akausogeza karibu kabisa na wake, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Alimtazama kwa muda mrefu.

"Umezeeka," alisema kwa Kiembu.

"Wewe ndiye umezeeka. Mimi nimechelewa tu."

Walicheka, halafu wakalia, halafu wakacheka tena, na mimi nikatoka nje nikaangalie tairi ambazo hazikuwa na shida yoyote.

Soketi ya Wawira ilikuwa zizini, ile ya mashine ya kukatia majani. Nilimwomba asichomeke kitu kingine hapo. Alikuwa ameshabeba jagi la umeme atuchemshie chai upesi.

"Basi nitawasha moto," alisema. "Lakini bila chai huwezi kulala kwangu."

Tulikaa siku mbili. Umeme wa zizini ni mdogo, gari lilinyonya kama anayekunywa uji wa moto, lakini kwa siku mbili hata huo unatosha. Nilifuta matope kwenye tundu la chaji kwa kitambaa kikavu, nikajaza upepo kwenye tairi, maana tairi laini inakula chaji, nikaangalia maji ya kupozea na ile betri ndogo inayowasha taa, ambayo ikifa gari zima linagoma hata kama betri kubwa imejaa. Oili hakuna ya kumwaga. Mikono yangu ilibaki safi, na asubuhi ya pili mama alinishika bega bila kuniuliza kama nimeoga.

Siku ya tatu, saa moja asubuhi, tulianza kurudi. Sasa hesabu iligeuka. Kutoka Meru kwenda Timau ni kupanda tu, na kupanda ndiko kunakomaliza chaji. Kwa hiyo Githongo safari hii tulijaza kabisa, tukiondoka mara tu ilipojaa betri ingali na joto lake. Ukikaa mlimani jifunze hivi: toka juu ukiwa na nafasi, toka chini ukiwa umejaa. Watu wa tambarare hawana haja ya kujua hilo.

Tulipopita Subuiga mama alikuwa macho, anatazama nje. Nilimwambia jambo lililokuwa limenikaa moyoni tangu Kanja. Kila trekta inayoletwa kwangu, cha kwanza nauliza inasumbua wapi. Lakini miaka kumi na moja yote tulisema nyumbani kwamba mama ndiye mwenye shida, mama hawezi safari, na mimi fundi sikuwahi hata mara moja kufikiri kwamba kilichotakiwa kubadilishwa ni gari.

Tulipofika kwenye ngano za Kisima ndipo akanigeukia.

"Ngithi anapelekwa kufanyiwa upasuaji wa macho mwezi ujao," alisema. "Mimi ndiye nitakayempeleka. Uandae gari."