Mikono ya Mama Mkwe

Mama mkwe alifika kwetu mjini Kisii kutoka Nyacheki akiwa na jogoo kwapani. Nilikuwa nimejifungua kwa upasuaji, kitovu cha mtoto hakijakauka, naye hakutaka kusikia habari ya mzazi kunywa supu ya kuku wa kununua. Nilifurahi, sitasema uongo. Kisha nikamuuliza jogoo huyo alikuwa akilishwa nini.

"Mahindi tu. Na ile dawa ya unga kwa maji, ndio wasikohoe."

"Hata wakiwa wazima?"

"Kila siku. Unataka wakufe?"

Kazi yangu ni ya maabara. Kabla ya likizo ya uzazi nilikuwa naotesha bakteria wa nyama ya kuku kwenye visahani, halafu naweka vipande vya karatasi vilivyolowekwa dawa ya kuua bakteria, kama hiyo yake ya unga, nione kama watakufa. Wengine, hasa wa kuku wanaonyweshwa dawa kila siku, walimea hadi ukingoni mwa dawa, raha mustarehe. Kinachowapa kiburi ni plasmidi, kijipete cha DNA chenye maagizo ya kuishinda dawa. Bakteria humpa mwenzake nakala, hata asiye wa ukoo wake, kama majirani wanavyopeana mbegu za mboga. Wa kuku akimpa wa mtu, sindano ya hospitali inageuka maji. Moto huwaua, kwa hiyo supu haikunitisha. Nilichoogopa ni mikono inayoshika nyama mbichi.

Kutoka kwenye kochi nilimwona jikoni akitoa matumbo ya jogoo. Mtoto, aliyelala kwenye kochi la pili, akaanza kulia. Mama mkwe akajifuta mikono kwenye leso, akaja mbio.

"Kaa tu, mama. Wacha nimchukue."

Mke wa watu anaanzaje kumwambia mama mkwe kuwa mikono yake ni michafu, mikono iliyomlea mume wake? Nilitafuta maneno ya adabu, nikayakosa. Vidole vilikuwa vimefika karibu na kitovu.

"Usimguse!"

Akasimama palepale. Alikuwa hajawahi kupigiwa kelele na mke wa mwanawe.

"Kwani mikono yangu iko na nini?"

Niliona aibu, lakini singerudisha neno lile hata kwa dawa. Nikainuka nimeushika mshono, nikaleta jagi, beseni na sabuni. Nikammwagia maji kama ninavyommwagia kila tukienda mezani, huku nikimweleza habari ya kuku, ya dawa, ya wadudu wanaogawiana ujanja. Mtoto alizidi kulia. Mama mkwe alisikiliza bila kuniangalia.

"Yule wangu wa mwisho," akasema, "alidungwa sindano mpaka akakosa mahali pa kudungwa. Daktari akasema dawa imekataa."

Nilikuwa nimesikia tu kwamba palikuwa na mtoto mwingine. Nyumbani kwao hatajwi.

"Na hizo kuku zilikuwako. Na hiyo dawa. Nilikuwa natoka kwa kuku naenda kumwosha." Akaniangalia. "Ni mimi?"

Nilitamani sana kusema kwa Kikisii yaya, hapana, mama, si wewe. Lakini hakuna aliyechukua sampuli, hakuna anayeweza kujua.

"Sijui, mama."

Alibaki ameinyoosha mikono juu ya beseni, maji yakichuruzika.

"Ongeza sabuni," akasema.