Barua za Kwenda Bama

Mwaka wa pili baada ya kustaafu, na wa kwanza baada ya kumzika mke wangu, nilianza kumwandikia barua mwanamke nisiyemjua, aliyefungwa gerezani Myanmar. Naeleza jambo hili wazi kwa sababu hapa Busia kulikuwa na watu waliodhani nimepata mchumba wa mtandaoni.

Mwanafunzi wangu wa zamani, anayeishi Ulaya, ndiye aliyenipigia kunipa pole ya msiba. Katika mazungumzo akanieleza kuhusu kikundi chao. Walikuwa watu wa nchi mbalimbali, na kila mmoja alikabidhiwa mfungwa mmoja wa kisiasa. Kila mwezi humwandikia yeye, huwaandikia wakuu wa gereza, huuandikia ubalozi, ili wenye funguo wajue kwamba mtu huyo hajasahaulika.

"Mwalimu, ulisahihisha kazi zetu miaka yote ile," akasema. "Mkono bado uko sawa?"

Nikamwambia uko sawa, ila umekosa kazi.

Jina nililopewa lilikuwa la mwalimu wa jiografia, somo nililofundisha mimi mwenyewe katika shule moja ya upili pale Malaba. Wanajeshi walipotwaa serikali ya nchi yake, yeye na wenzake walikataa kufundisha chini yao. Walimkamata nyumbani kwa mama yake, wakampa miaka saba. Nilitumiwa picha moja: amevaa miwani, anatazama pembeni kama mtu aliyeitwa na mwanafunzi.

Nchi yenyewe nilikuwa nimeisikia utotoni kwa jina la Bama. Babu yangu alipelekwa huko na Wazungu kupigana katika jeshi lao la Keya, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kila tulipomwomba hadithi alisema tu kwamba mvua ya Bama si mvua. Nilikuwa nimepita miaka sitini ndipo nikatamani ningemuuliza zaidi.

Masharti ya barua yalikuwa magumu. Usitaje siasa, usitaje kesi yake, usiwatukane wanaomfunga, maana atakayeumia ni yeye. Nikajiuliza basi nimwandikie nini mtu ambaye jambo kubwa kuliko yote katika maisha yake siruhusiwi kulitaja. Nikaanza na mahali ninapokaa. Nilimwandikia kwa Kiingereza chepesi kwamba malori ya kwenda Kampala yamejipanga mpaka nje ya mji, na madereva wamefua nguo zao na kuzianika kwenye vioo vya pembeni. Nilimwandikia kwamba mto Nzoia umevunja kingo tena kule Budalang'i na watu wa Rukala wamehamishia mbuzi wao uwanjani mwa shule. Nilimchorea mto na tambarare yake, nikijua mwalimu mwenzangu ataelewa kwa nini maji hayana pa kwenda.

Jibu halikuja. Nilikuwa nimeonywa kwamba huenda lisije kamwe. Basi nikawa naandika kama mtu anayeongea na ukuta, na ukuta una hili jema, kwamba haukukatizi. Kufikia mwaka wa pili nilikuwa namwambia mambo ambayo hata wanangu sikuwa nimewaambia. Kwamba mke wangu alikuwa na tabia ya kubishana na mtangazaji wa redio, anamwita mwongo kwa sauti, na sasa taarifa ya habari inapita mwanzo hadi mwisho bila mtu kuipinga. Kwamba kuna siku sauti yangu ya kwanza naitoa saa kumi jioni, nikimfukuza kuku.

Karani wa posta, mama mmoja mpole, alizoea kunigongea muhuri huku akitikisa kichwa.

"Mwalimu, tena huko?"

"Tena."

"Na hajawahi kujibu?"

"Hajawahi."

Siku moja mwanamume aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni alidakia. "Mzee, samahani. Kwani hapa kwetu hakuna watu wanaonewa? Lazima utafute wa China huko?"

Si China, nikamwambia. Lakini swali lake lilikuwa la haki. Nilirudi nalo nyumbani na sikulipenda. Ukweli ni kwamba wa hapa wangenihitaji nitoke, nikae vikaoni, nigombane na watu ninaowafahamu. Yule wa mbali alinihitaji niketi mezani peke yangu, na hilo nililiweza.

Labda ndiyo sababu mwaka wa tatu nilikubali kusimama. Kikundi kilipanga siku moja ambayo wanachama wote, kila mtu mjini kwake, wangesimama hadharani na picha ya mfungwa wao kwa saa moja. Wengine walikuwa hamsini, wengine mia. Busia nilikuwa mimi. Nilivaa koti la kanisani, nikasimama kando ya barabara karibu na lango la mpaka, nimeshika picha yake niliyoibandika kwenye kadibodi, na chini nimeandika kwa mkono: HUYU NI MWALIMU. AMEFUNGWA NA WANAJESHI. AACHILIWE.

Nimesimama mbele ya wanafunzi maisha yangu yote, lakini siku hiyo sikujua macho niyaelekeze wapi. Wabadilishaji wa fedha walinitazama, wakarudi kwenye kazi yao. Mwendesha boda boda akauliza kama huyo dada amepotea. Askari alikuja, akasoma maandishi polepole, akaniuliza kama nina kibali. Nikamwonyesha nakala ya barua niliyokuwa nimepeleka kituoni mapema. Akairudisha. "Sawa mzee. Usizibe njia tu."

Nusu saa ilikuwa imepita wakati mama mmoja kutoka upande wa Uganda, wa umri wangu hivi, alipotua kapu lake la samaki wakavu miguuni pangu.

"Ssebo," akaniita, yaani bwana kwa Kiganda, "huyu ni nani wako?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, macho yakiwa kwenye ile picha.

"Baba yangu walimchukua askari," akasema. "Wakati ule wa serikali ya jeshi kwetu. Mimi nilikuwa darasa la nne. Mama alizunguka kambi zote na sahani ya chakula. Hakuna mtu alisimama na picha yake. Hata picha hatukuwa nayo."

Alisogeza kapu kando, akashika upande mmoja wa kadibodi, tukasimama hivyo mpaka saa ikaisha. Kisha akajitwika samaki wake, akavuka. Jina lake sikuuliza, na mpaka leo najilaumu kwa hilo.

Miezi mitano baadaye nilikuwa Malaba, nimeenda kwenye shule yangu ya zamani kufuatilia karatasi fulani, nikaketi kwenye kibanda cha chai. Simu ikalia. Ulikuwa ujumbe kutoka kwa yule mwanafunzi wangu: mfungwa wangu ameachiliwa, pamoja na wengine wengi, kwa msamaha. Amefika kwa mama yake. Barua alizipata tatu tu. Ile ya mafuriko ilifika mikononi mwa msimamizi wa gereza kwanza, naye akamwita kumuuliza Kenya iko wapi. Yule mwalimu akamchorea ramani kwa kidole kwenye vumbi la meza. Tangu siku hiyo, alisema, walimruhusu kupokea dawa zake.

Chini kabisa ya ujumbe kulikuwa na mstari mmoja zaidi: kwa usalama wake, tafadhali usimwandikie tena.

Nilisoma mara nne. Kifua kilijaa furaha na wakati uleule nikahisi kama mtu aliyefungiwa mlango kwa upole. Nikatafuta wa kumwambia. Nilimpigia binti yangu Nairobi. Alikuwa kazini, akasema atanipigia. Kando yangu alikuwepo dereva wa lori, anasubiri stakabadhi zake zipite forodhani. Nikamwambia yeye.

"Kuna mtu ametoka jela leo."

"Mungu mkubwa, mzee," akasema, akaweka kikombe chini. "Ni mtoto wako?"

"Hapana."

"Ndugu?"

"Hapana. Hatujawahi kuonana."

Alinitazama kidogo, akiona kwamba nalia, kisha akasema pole, ingawa habari ilikuwa njema. Nikamshukuru. Akaitwa, akaenda kwenye lori lake.

Mwezi uliofuata sikuandika chochote. Mwezi wa pili nilimwomba mwanafunzi wangu jina jingine. Nikamwambia pia kwamba safari hii, kama yupo, nipewe wa karibu.