Kim wa Wapi?

Kaka yangu Chilbong alikuwa Mjapani saa za kazi tu. Asubuhi akifungua duka lake la kinyozi pale Ikoma, mji wa jirani na Osaka, jina lake Bwana Kaneko. Jioni akishusha pazia na kupanda ghorofani kwa mkewe Wolseon, anarudi kuwa Kim, mtoto wa baba yetu aliyeletwa Osaka na meli kutoka kisiwa cha Jeju, Korea, kuja kuchimba mitaro. Mimi dada yake nilibaki Ikuno, mtaa wa Wakorea pale Osaka, sokoni, nauza miguu ya nguruwe ya kuchemsha. Kwetu Ikuno hakuna anayejifanya, maana hata ukijifanya, vitunguu saumu vinakutaja kabla hujafungua mdomo.

Simlaumu. Alipokuwa kijana alikwenda kutafuta chumba cha kupanga akiwa Kim, akaambiwa kimejaa. Baada ya muda akarudi pale pale amenyoa vizuri, amevaa tai, akiwa Kaneko. Mwenye nyumba hakumkumbuka hata sura. Alimkaribisha chai, akamwambia anafurahi kupata mpangaji wa maana, kwa sababu watu wanaobisha hodi siku hizi hawaeleweki, juzi juzi tu alikuja Mkorea. Kaka akamshukuru, akahamia. Tangu siku hiyo aliona hakuna haja ya kubishana na watu ambao jina tu linawatosha.

Kinyozi husikia mengi. Mteja wake mkubwa alikuwa Bwana Oda, fundi wa mikeka na mwenyekiti wa mtaa. Huyu alikuwa akilala kwenye kiti, povu hadi masikioni, akieleza jinsi ya kumtambua Mkorea. Wengine huangalia mashavu, alisema, wengine husikiliza matamshi, lakini hao ni wanafunzi. Yeye aliangalia kisogo.

"Kisogo hakidanganyi, Bwana Kaneko. Nikikiona tu, basi, nimeshajua."

Na kaka yangu, wembe ukiwa juu ya koo la mwenyekiti, alijibu, "Kumbe."

Nilimuuliza kama mkono haumtetemeki. Akaniambia mkono hutetemeka mtu akikasirika, na yeye aliacha hasira kama watu wanavyoacha sigara. Nikamwambia wanaoacha sigara nawajua, huacha kila mwaka.

Lakini huko ghorofani mambo yalikuwa mengine. Siku za kuwakumbuka mababu alifunga madirisha, akapanga vyakula mezani kwa utaratibu ule ule wa baba, samaki upande wake, matunda upande wake, akasujudu hadi paji la uso likagusa sakafu. Na alikuwa na sharti moja lisilojadiliwa: binti yake, Michiyo, ataolewa na Mkorea.

Michiyo alikuwa amesomeshwa shule ya Wajapani, anafanya kazi kwenye ofisi ya Wajapani, marafiki zake wote Wajapani, na wote wanamjua kwa jina la Kijapani alilopewa na baba huyo huyo. Siku moja alimuuliza huyo mume wa Kikorea atamtoa wapi. Kaka akamjibu kwamba kumpata si kazi ya baba, kazi ya baba ni kumkubali.

Basi mwaka wa themanini na mbili Michiyo akasema amepata mchumba. Anaitwa Teruo Kimura, baba yake ana karakana ya minyororo ya baiskeli huko Sakai. Kijana mpole, anavaa miwani. Walikuwa pamoja miaka miwili, na kwa miaka yote hiyo Michiyo alikuwa akijiambia kwamba wiki ijayo atamweleza yeye ni nani.

Kaka aligoma. "Simpi Mjapani binti yangu."

"Na wewe mtaa mzima si unakujua kama Mjapani?" Wolseon akamuuliza.

"Ndiyo maana nawajua."

Tatizo likawa atakataaje. Huwezi kumwambia mtu humtaki kwa sababu ni Mjapani bila kumwambia wewe ni nani. Na akina Kimura walikuwa wameshaomba familia zikutane kwa chakula cha mchana, mkahawa wa heshima, vyumba vya mikeka. Kaka akaamua atakwenda, na atamchafua binti yake mwenyewe mpaka upande wa pili ukatae wenyewe.

Mimi sikualikwa. Wifi yangu alinieleza kwa upole kwamba lafudhi yangu ni nzito kidogo. Yote ninayoyasema ya siku ile nimeyapata kwake, na Wolseon si mtu wa kuongeza chumvi. Hata kwenye chakula huwa anaisahau.

Anasema Bwana Kimura alikuwa mtu mnene mwenye uso wa mgonjwa. Walipoinamiana na kukaa, kaka alianza kazi. Akasema binti yake hajui kupika, ni mvivu wa kuamka, na kifua chake si kizuri. Bwana Kimura akainama akajibu kwamba hayo ni madogo, huyu Teruo wake ana hasira za ajabu na tumbo bovu, na karakana haimpendezi, pengine ataiua. Kaka akasema Michiyo ni mbishi, amerithi kwa shangazi yake. Kimura akasema Teruo hana akili ya fedha.

Sasa, kwa desturi ya Kijapani, mzazi muungwana humshusha mtoto wake mbele ya wageni. Kwa hiyo kila baba alivyozidi kumtukana mwanawe, ndivyo mwenzake alivyozidi kuona kwamba amekutana na watu wa ustaarabu wa hali ya juu kabisa, na moyo ukazidi kumwenda chini. Watoto wenyewe walisikiliza sifa zao. Mama yake Teruo alitazama supu tu.

Ilipofika zamu ya pombe ya mchele, kaka, kwa adabu, alimmiminia kijana. Teruo akakipokea kikombe kwa mikono miwili. Kisha akageuza uso pembeni, akampa kaka yangu ubavu, akafunika mdomo kwa mkono, akanywa.

Kaka alibaki ameshika chupa. Wajapani hawanywi hivyo. Hivyo hunywa kijana wa Kikorea aliyelelewa vizuri, akiwa mbele ya mtu mzima.

"Nani kakufundisha kunywa namna hiyo?" akamuuliza.

Teruo alifikiri amekosea. Akaomba radhi, akasema ni bibi yake, alikuwa akimpiga kofi asipogeuka.

"Bibi yako mtu wa wapi?"

Bwana Kimura akaweka vijiti chini. Wolseon anasema chumba kilitulia kiasi kwamba mhudumu aliyekuwa akileta samaki alirudi nao. Kisha Kimura akasema, kwa Kikorea, tena Kikorea cha kisiwani kwetu ambacho hata Wakorea wa bara hawakisikii vizuri, "Mama ni mtu wa Hallim. Alikuwa mzamiaji, akitoa makombe baharini."

Kaka yangu, aliyekuwa ameacha hasira, hakuwa ameacha machozi. Alilia pale pale mezani, mtu mzima wa miaka hamsini na tano na tai yake. Kimura naye akalia. Ndipo akaeleza kwa nini alikuja na uso wa mgonjwa. Alikuwa amemtuma mtu Ikoma kuwapeleleza akina Kaneko, akiomba Mungu wapatikane na doa lolote. Yule mtu akazungumza na mwenyekiti wa mtaa, fundi wa mikeka, naye akaapa kwamba Kaneko ni Mjapani wa asili, tangu enzi za mababu, amekikagua kisogo chake miaka ishirini. Kimura hakulala. Alikuwa amemwapia mama yake, mama huyo akiwa kitandani anakata roho, kwamba Teruo hataoa Mjapani.

Michiyo na Teruo walitazamana. Miaka miwili kila mmoja alimficha mwenzake kitu kile kile. Michiyo ndiye alianza kucheka.

Pombe ikaitwa nyingine. Wake waliacha kukaa kwa magoti, wakanyoosha miguu. Akina baba walikuwa wamefikia kushikana mabega, wakipigiana hesabu za vijiji, nani alikuja na meli ipi, na nani alichimba mtaro upi.

"Jina lenyewe hasa ni nani?" kaka akauliza.

"Kim."

"Mimi pia Kim!" Wakagonga vikombe. Hilo halikumshtua mtu, Kim ni wengi kama mchele.

"Kim wa wapi?"

"Wa Gimhae," akasema Kimura.

Kaka yangu akakishusha kikombe taratibu. Sisi ni Kim wa Gimhae.

Kwa asiyejua, niseme tu kwamba akina Kim hutofautishwa kwa mji ambako ukoo wao ulianzia, na Kim wa Gimhae ni mamilioni ya watu, na wote inasemekana ni uzao wa mfalme mmoja wa zamani sana aliyetoka kwenye yai. Na watu wa ukoo mmoja hawaoani. Si desturi tu. Miaka ile ilikuwa sheria ya nchi, imeandikwa, na popote ulipo duniani, ukiwa raia wa Korea, inakufuata. Wolseon anasema wanaume wale wawili walitazamana kwa mapenzi ya kweli ya ndugu waliopotezana, kisha wakawageukia watoto wao kwa huzuni.

Siku chache baadaye Michiyo alikuja sokoni kwangu. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nyuma ya meza, hakula nilichomwekea.

"Shangazi, Jumamosi asubuhi nilikuwa mgeni mno," akasema. "Jumamosi jioni nimekuwa dada yake."

Nikamuuliza yeye anahisi vipi. Akasema amejaribu kumfikiria Teruo kama kaka, ameshindwa. Nikamwambia kwamba mimi huyo mfalme ningempata mapema ningelikaanga lile yai. Hapo ndipo aliposhika kipande cha mguu wa nguruwe, akala.

Walikwenda ubalozi mdogo wa Korea. Afisa mmoja mwenye adabu aliwasikiliza, akawapongeza kwa kutoka ukoo wa kifalme, akasema ndoa hiyo haiandikishiki. Wakaenda ofisi ya mtaa ya Wajapani. Kule waliambiwa kwamba Mkorea huoa kwa sheria ya kwao, lakini kama wote wawili wangekuwa Wajapani, serikali ya Japani haina habari na yai la mtu yeyote.

Hivyo ndivyo watoto wetu, kwa kusudi la kuoana Mkorea na Mkorea kama wazazi walivyotaka, walivyoomba uraia wa Japani.

Kaka alipopata habari alikuja Ikuno, akanitaka niseme na mpwa wangu. Nilimwona amezeeka ghafla. Nikamwambia, "Kaka, wewe umekuwa Kaneko miaka thelathini. Mtoto anafanya kwa karatasi kile ulichofanya kwa mdomo."

"Mimi nilijifanya tu," akasema. "Kujifanya kuna saa ya kufunga duka. Yeye anataka kuwa."

Nilimfungia miguu miwili ya nguruwe, akaondoka nayo.

Maombi yalichukua zaidi ya mwaka. Vidole vyote kumi vilipakwa wino. Afisa alifika nyumbani, akatazama jikoni, akasifu usafi, akapita kwa majirani kuuliza kama binti wa kinyozi anafaa kuwa Mjapani. Ndivyo Ikoma nzima ilivyojua. Wateja wengine hawakuonekana tena, na hawakusema kwa nini. Bwana Oda alikuja siku ile ile aliyoizoea, akajilaza kwenye kiti, akangoja povu.

"Mimi nilijua tangu zamani," akasema. "Kisogo."

Kaka akamnyoa kama kawaida. Alichoniambia ni kwamba alimkata kidogo sana chini ya sikio, mara ya kwanza katika maisha yake, na kwamba Oda ndiye aliyeomba radhi kwa kujitikisa.

Harusi ilifanyika majira ya kuchipua, ukumbini kwetu Ikuno, bwana na bibi harusi wakiwa raia wapya wa Japani waliovaa mavazi ya Kikorea kutoka kichwani hadi miguuni. Wolseon na mama yake Teruo walipika siku mbili. Akina baba walikuwa wameapa kutokuja, kwa heshima ya ukoo. Walitimiza kiapo hicho wakiwa wawili, kwenye kibanda cha pombe kilichotazamana na ukumbi, wakiitana ndugu, na mlango wameuacha wazi ili wasikie ngoma. Nilipowapelekea chakula, Kimura aliniuliza kama mwanawe amekumbuka kusujudu. Kaka hakuuliza kitu, lakini alikuwa amesogeza kiti mahali ambapo bibi harusi akitoka atamwona vizuri.

Miaka kumi na mitatu baadaye mahakama ya katiba huko Seoul ilisema sheria ile ya ukoo haifai. Kaka alisoma gazetini, akampigia simu Michiyo akiwa kazini. Akamwambia sasa hakuna kizuizi, yeye na Teruo wanaweza kurudi kuwa Wakorea, kisha wakaoana kihalali.

Michiyo alimkumbusha kwamba wana watoto wawili, na mkubwa ana mtihani.

Kaka akauliza mtihani wa somo gani.