Neno Nililolikata Ngumbaru

Eldoret nzima hakuna Kizungu kinachonishinda, na darasa la sita nililiacha mwenyewe kabla halijaniacha!

Leo mwalimu wa ngumbaru hapa mtaa wa West Indies ameugua, nikawashikia chaki watu wazima.

Mama Atieno, yule muuza dagaa wa omena, akanichokoza: "Kijana, ati unajua? Hebu tusomee lile neno refu la redioni."

Nikaandika MULTIPARTYISM ubaoni, nikalikata kama muwa: mul-ti-par-ty-ism.

"Multi ni vingi, party ni chama. Haya, wote!"

Wakaitikia kwa sauti ya kanisani: "Mal-ti! Pa-ti!" Madirisha yako wazi, jamani.

Mlango ukafunguka. Chifu na askari wawili.

Kenya hii chama ni kimoja, na watu wanachukuliwa kwa kunong'ona tu.

"Nani ameandika hii?"



Mama Atieno akasimama. "Ni mimi, Chifu. Najifunza."

Yeye, ambaye juzi tu ndipo alipoweza kuandika jina lake! Wakaenda naye. Mpaka sasa hajarudi.

Ungekuwa wewe, ungesema?

Neno nililikata sawasawa. Lakini chaki nilikuwa nimeificha mfukoni, na nikanyamaza.